Sheria ya Riba, Programu Yangu na Mkopo wa Mama

Najua nimekaa kimya, na wale walioniuliza kama nimehama nchi, la, nipo hapa hapa Nairobi, ni kazi tu. Leo sina habari za simu mpya wala za Linux. Jumamosi nilikuwa nahamisha mafaili kutoka kwenye tarakilishi yangu ya zamani (ile ambayo kibodi yake haina tena herufi mbili) nikakuta folda inayoitwa RIBA_SEPT_2016. Nikaifungua, nikaanza kusoma, na chai ikapoa mbele yangu.

Ndani ya folda ile mna kazi iliyonilazimisha kusoma mambo ya Benki Kuu usiku na mchana, mimi ambaye hesabu za fedha nilizikimbia chuoni. Ni kazi hiyo hiyo iliyomnyima mama yangu mkopo. Jambo hili sijawahi kuliandika popote, basi leo nalitoa.

Wengi mnakumbuka. Tarehe 24 Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi mswada ulioletwa bungeni na Jude Njomo, aliyekuwa mbunge wa Kiambu Mjini. Sheria ya Benki ikaongezewa kifungu cha 33B. Kwa lugha ya sokoni, kifungu kilisema hivi: benki isimtoze mkopaji riba inayozidi ile ya Benki Kuu kwa zaidi ya 4%, na mwenye akaunti ya akiba inayolipa riba asilipwe chini ya 70% ya riba hiyo ya Benki Kuu. Sheria ianze kazi tarehe 14 Septemba. Wakati huo riba za mikopo zilikuwa zinazunguka 18% kwa wastani, na mfanyabiashara mdogo alikuwa analipa zaidi ya hapo. Watu walishangilia. Mimi pia nilishangilia, kisha nikaitwa ofisini.

Kampuni niliyokuwa nayo ilitengeneza programu za mikopo kwa benki. Benki yenyewe sitaitaja na msiniulize. Tulipewa wiki tatu kubadilisha mfumo uliokuwa umejengwa kwa miaka mingi na watu ambao nusu yao walikuwa wameshaondoka. Aliyewahi kugusa programu ya mtu mwingine anajua. Unabadilisha tarakimu moja hapa, ripoti inavunjika kule.

Tatizo la kwanza lilikuwa sheria yenyewe. Programu haikubali maneno ya takriban. Ukiiambia ijumlishe 4% na "riba ya msingi", lazima uiambie riba ya msingi ni ipi. Na sheria ilisema kikomo kinapimwa kwa riba ya msingi "inayowekwa na kutangazwa" na Benki Kuu. Benki Kuu ilikuwa inatangaza mbili! Kulikuwa na CBR, riba ambayo kamati ya sera za fedha huiamua, iliyokuwa 10.5%. Tena kulikuwa na KBRR, iliyoanzishwa mwaka 2014 ili mabenki yote yawe na kianzio kimoja cha kupangia bei ya mikopo, nayo ilikuwa 8.9%. Ukichukua ya kwanza, kikomo ni 14.5%. Ukichukua ya pili, ni 12.9%. Kwa mkopo wa nyumba tofauti hiyo ni pesa za kusomesha mtoto. Nilitengeneza sehemu mbili kwenye programu, moja kwa kila tafsiri, tukasubiri. Hatimaye Benki Kuu ikafafanua kwamba ni CBR, na ile KBRR ikawekwa kando.

Tatizo la pili: riba inahesabiwaje? Chukua shilingi 100,000 kwa mwaka mmoja kwa 14%. Ukihesabu riba juu ya mkopo wote wa mwanzo hadi mwisho, mkopaji analipa riba ya shilingi 14,000. Ukihesabu juu ya salio linalopungua kila mwezi anapolipa, riba inakuwa kama shilingi 7,700 tu. Asilimia ni ile ile, mfuko unaumia tofauti. Kwa hiyo 14% ya namna ya kwanza ni sawa na karibu 25% ya namna ya pili. Kifungu kile hakikugusa jambo hili hata kwa neno moja. Benki yetu ilitumia salio linalopungua, Mungu awabariki kwa hilo, lakini niliwahi kuona karatasi za mikopo ambazo hazikufanya hivyo.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii, kwa sababu kila jibu lilizaa swali jingine. Nilitaka kujua riba hii ya Benki Kuu inatoka wapi, na nani aliipa nguvu.

Nikarudi nyuma hadi Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1919 na makao yake yakawa London. Bodi ile haikuwa na sera yoyote ya fedha. Kazi yake ilikuwa kutoa shilingi kwa kupokea pauni, na kurudisha pauni kwa kupokea shilingi, kama kibanda cha kubadilishia fedha. Ukame ukija, bei ya kahawa ikianguka, bodi haikuwa na usukani wa kugeuza. Kenya ilipata Benki Kuu yake mwaka 1966, na noti zetu za kwanza zikaanza kutumika tarehe 14 Septemba mwaka huo. Angalia tarehe hiyo. Kifungu cha 33B kilianza kazi miaka 50 kamili baadaye, siku kwa siku. Niliigundua saa nane za usiku, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikaendelea na kazi.

Lakini kuwa na usukani si kuwa huru kuushika. Mnaokumbuka mwaka 1993 mnajua. Mimi nilikuwa shule ya msingi Mombasa, na ninachokumbuka ni kwamba sukari ilipotea kwenye chai ya jioni na mama hakutaka maswali. Nyuma ya chai ile kulikuwa na fedha nyingi zilizomwagwa kuelekea uchaguzi wa 1992, na kulikuwa na Goldenberg, ambapo serikali ililipa fidia kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwepo. Bei za vitu zikapanda kwa karibu 46% katika mwaka huo wa 1993. Ili kuzivuta zile fedha zirudi, hati za Hazina zikauzwa kwa riba iliyopita 80%. Nani angemkopesha muuza samaki wakati serikali inalipa hivyo? Marekebisho ya sheria ya mwaka 1996 ndiyo yaliyoipa Benki Kuu nafasi ya kusimamia sera ya fedha bila kungoja kidole cha Hazina. Mimi nayahesabu kuwa mageuzi makubwa kuliko yote katika historia yake, na sijawahi kumsikia mtu akiyataja kwenye matatu.

Nayo hasira ya wabunge haikuanza na Njomo. Mwaka 2000 Joe Donde, mbunge wa Gem, alileta mswada wa kuzifunga riba kwa kamba ya hati za Hazina. Ulipita bungeni, mabenki yakaenda mahakamani, na sheria ile haikupata kutumika. Kwa hiyo mwaka 2016 watu walikuwa na kiu ya zaidi ya miaka kumi na tano. Kiu yenyewe ilikuwa ya haki. Mabenki yetu yalikuwa yanatangaza faida nono huku akiba ya mama ikipata chini ya 2%.

Sasa nirudi kwenye folda.

Kabla ya sheria, mfumo wetu ulifanya kazi hivi. Mteja anaomba mkopo. Programu inaangalia mwenendo wa akaunti yake, ripoti yake ya CRB, dhamana, aina ya biashara, kisha inatoa tarakimu ya hatari. Gharama ya fedha, gharama za kuendesha benki, hatari ya mteja, na faida vinajumlishwa. Jumla ndiyo riba yake. Mwenye hati ya kiwanja na mshahara anapata 16%, mwenye kibanda sokoni anapata 21% au 22%. Si haki? Labda. Lakini anapata.

Baada ya sheria, nilibadilisha sehemu moja. Kwa Kiswahili inasomeka hivi:

kama riba > kikomo basi KATAA

Mstari mmoja tu. Sheria haikuifanya hatari ya mteja ishuke, wala gharama ya kumfuata hadi sokoni. Ilikataza tu bei. Na benki iliyokatazwa bei ina uhuru wa kutouza. Wakati ule serikali ilikuwa inakopa kwa hati fungani za muda mrefu zinazolipa zaidi ya 12%, bila afisa wa mikopo kuvaa viatu vya vumbi, bila kuhofia mtu kuhama usiku. Kati ya 12% ya Serikali ya Kenya na 14.5% ya kibanda cha mitumba, wewe ungechagua nini? Mimi ningechagua serikali, na ndivyo mabenki yalivyofanya.

Kwa majaribio huwa tunatengeneza wateja wa uongo. Nilichoka kuandika "Mteja 1, Mteja 2", kwa hiyo nilitumia watu ninaowajua, bila majina. Mmoja nilimwita MITUMBA KONGOWEA. Mwanamke, miaka 57, kibanda soko la Kongowea, Mombasa, anauza nguo za watoto za mtumba, amekopa mara nne tangu 2009 na kulipa zote, hana hati ya ardhi, anaomba shilingi 80,000 za kununulia marobota. Mmeshamjua ni nani.

Kwenye mfumo wa zamani: IDHINISHA, 21.5%. Kwenye mfumo mpya: KATAA.

Na kwa kuwa jaribio lilitaka mfumo umkatae yeyote anayepita kikomo, pembeni ya jina lake nikaandika "jaribio limefaulu". Maneno hayo bado yapo kwenye faili. Nimeyasoma tena Jumamosi.

Wiki hiyo hiyo ya kwanza, tarehe 20 Septemba, Benki Kuu ilishusha CBR kutoka 10.5% hadi 10%. Kikomo kikawa 14%. Nikabadilisha tarakimu, nikaendesha majaribio upya, na watu wengine waliokuwa wamepona wakaingia kwenye nyekundu. Nilidhani nimekosea. Nikakagua mara mbili. Hapana, ilikuwa sawa.

Hebu fikiria jambo hili kidogo, maana ndilo lililonifungua macho. Benki Kuu inaposhusha riba yake, nia ni kulegeza, mikopo iwe rahisi, biashara zipumue. Chini ya sheria hii kushusha kulishusha dari pia, na dari likishuka walio wafupi ndio wanaopona... samahani, nimejichanganya, nasema hivi: wenye hatari kubwa wanabaki nje wengi zaidi. Usukani ule ule uliopiganiwa mwaka 1996 ulikuwa sasa unageuza gari upande usiotarajiwa. Benki Kuu yenyewe ililalamika juu ya jambo hili kwenye ripoti zake. Katikati ya mwaka 2017 mikopo kwa sekta binafsi ilikuwa inakua kwa chini ya 2% kwa mwaka.

Nisiwe mwongo. Mikopo ilikuwa imeanza kupungua kabla ya sheria. Dubai Bank ilifungwa Agosti 2015, Imperial Bank ikafuata Oktoba, na Chase Bank Aprili 2016. Benki ndogo zilikimbiwa, kubwa zikaogopa. Wanaosema sheria ya riba ndiyo iliyoleta maradhi yote wanatafuta mchawi mmoja. Ila mimi niliona kwa macho yangu ule mstari ulivyofanya kazi.

Januari 2017 mama akaniflashi. Nikampigia.

"Baba, benki wamenikataa."

"Wamesemaje, mama?"

"Eti sijafikia vigezo. Vigezo gani? Mimi nimewalipa tangu 2009, hata siku moja sijachelewa. Yule kijana wa mikopo hata hakunitazama usoni, anatazama tarakilishi tu. Kasema tarakilishi imekataa."

Nilikaa kimya. Akaendelea: "Wewe si unafanya kazi na hizo tarakilishi? Hebu niulizie ina nini nami."

Ingekuwa rahisi kumweleza. Nilimwambia nitauliza. Sikuuliza, maana jibu nilikuwa nalo.

Mama hakungoja. Alikwenda kwenye mkopo wa simu. Alichukua 10,000, akarudisha 10,750 baada ya mwezi. Akachukua tena. Marobota hayanunuliwi kwa 10,000, kwa hiyo alikuwa ananunua nguo kwa kugawana na wenzake wawili, na faida ikagawanywa vile vile. Sasa piga hesabu. Shilingi 750 kila mwezi kwa 10,000 ile ile, kwa mwaka ni shilingi 9,000. Hiyo ni 90%! Na sheria ya 14% ilikuwa inatumika nchini. Iliwezekanaje? Ile 7.5% haikuitwa riba. Iliitwa ada ya huduma. Sheria ilipima kitu kinachoitwa riba, kwa hiyo kisichoitwa riba hakikupimwa. Katika kazi yetu tunajua kasoro ya namna hii: ukilinda jina la kitu badala ya kitu chenyewe, mtu atakibadilisha jina na kupita.

Akiba nayo ikapata njia hiyo hiyo. Benki zililazimishwa kulipa 7% kwa akaunti "zinazolipa riba". Basi nikaandika programu nyingine ndogo ya kuhamisha akaunti kutoka kundi la akiba hadi kundi la matumizi ya kila siku, ambalo halilipi riba. Akaunti ya mama ilikuwa miongoni mwao. Ile kazi ilichukua siku moja na nikasifiwa kwa wepesi. Sharti la akiba lilifutwa mwaka 2018.

Sheria iliendelea kuyumba. Machi 2019 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 33B kina maneno yasiyoeleweka na hivyo kinakwenda kinyume cha Katiba, ikawapa wabunge miezi kumi na miwili kurekebisha. Mambo yale yale niliyoyauliza mwaka 2016 kwa sababu programu ilikataa kukusanyika bila majibu! Oktoba Rais akaurudisha Mswada wa Fedha bungeni akitaka ukomo ufutwe. Wabunge wakakosa theluthi mbili ya kumpinga, na tarehe 7 Novemba 2019 ukomo ukaondoka.

Siku hiyo nilikuwa Mombasa. Tulikuwa tunatazama habari, mama anachambua mchele. Sijui nini kilinisukuma. Nikamwambia yote: mstari, mteja wa uongo, akaunti ya akiba. Nikangoja.

Akasema, "Wewe ulijua tangu mwezi wa tisa?"

"Ndiyo, mama."

"Na sheria ilikuwa haijaanza."

"Ilikuwa imebaki wiki."

"Sasa si ungeniambia nikope haraka kabla hamjafunga?" Akatikisa ungo. "Mlifunga watu mlango bila hata hodi."

Hakukasirikia mstari ule. Alikasirikia wiki moja niliyonyamaza. Nilijaribu kumweleza siri za wateja na mikataba ya kazi, akaniambia nimpishe mwanga.

Mengine yamebadilika tangu hapo. Aprili 2020 Benki Kuu iliwazuia wakopeshaji wa mitandaoni wasiodhibitiwa wasipeleke majina ya watu CRB, na Desemba 2021 sheria ikawaweka chini ya leseni yake. Yalikuja kwa kuchelewa, lakini yalikuja, na kwa maoni yangu yaliwasaidia watu wa Kongowea kuliko ile 14%.

Kisha Agosti 2025 Benki Kuu ikatoa muundo mpya wa kupanga bei za mikopo inayobadilika. Kianzio ni KESONIA, wastani wa riba ambazo mabenki hukopeshana kwa shilingi usiku mmoja. Juu yake benki inaongeza tarakimu inayoitwa K: gharama zake, faida ya wenye hisa, na hatari ya mkopaji. Kwa hiyo safari hii bei haikufungwa, imetakiwa kuonyeshwa. Naupenda muundo huu kuliko ule wa 2016, ingawa bado sijui kijana wa mikopo atamwelezaje mtu K yake kwenye foleni ya saa sita.

Kazi imerudi mezani kwangu. Juzi binti mmoja tunayefanya naye kazi, mwepesi kuliko nilivyokuwa mimi, aliniuliza K ya mfanyabiashara wa soko tuiweke ngapi kwenye wateja wa majaribio. Nikamwambia asubiri kidogo. Nikatoka nje, nikampigia mama, nikamuuliza anauza kiasi gani siku hizi, anapoteza kiasi gani kwa robota bovu, na chama chao kimemdai nini mwaka huu. Alinijibu yote, kwa shilingi na senti. Kisha akauliza kama programu imeshaanza kutumika au bado.

"Bado, mama."

"Haya. Safari hii umeniambia mapema."